Nani Anabeba Mipira Jumamosi?

SWALI: Timu yetu ya watoto wa chini ya miaka 12 ina kocha mmoja anayejitolea. Wazazi tuliahidi kumsaidia. Wiki ya kwanza tulifika tisa, ya tatu tukabaki wawili. Tufanyeje? – Mama wa winga, Kayole

JIBU: Mama, mzazi akifika uwanjani na kusimama tu saa mbili nzima, wiki ijayo atakuwa na dharura. Kila mmoja apewe kazi inayojulikana na saa yake.

Mechi ikiwa saa tatu asubuhi, wa kwanza afike saa moja na nusu akiwa na glavu na gunia. Atembee uwanja mzima akiokota vigae vya chupa, vipande vya nyaya na mawe, na arudie mbele ya magoli, maana hapo ndipo watoto huanguka zaidi. Magoli yakiwa ya kuhamishwa, aweke mifuko ya mchanga juu ya bomba la nyuma linalolala chini. Mtoto akining'inia kwenye mwamba wa goli lisiloshikiliwa, goli zima humwangukia.

Wa pili ni wa mipira. Watoto wa miaka 8 hadi 12 huchezea namba 4. Namba 5 ni ya wakubwa, ina uzito wa gramu 410 hadi 450, na mguu mdogo huumia kuipiga. Sindano ya pampu ilowanishwe kwanza. Ikiingizwa kavu inaweza kupasua vali, na mpira mpya ukaanza kuvuja.

Wa tatu ni wa maji. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha watoto 14, lakini kila mtoto aje na chupa yake yenye jina. Kikombe kimoja kikizunguka timu nzima, mafua nayo yanazunguka. Wa nne anashika daftari: nani amefika, namba ya mzazi, nani anamchukua mtoto baada ya mechi.

Kila kazi ipewe watu wawili, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya biashara na mmoja ataitwa dukani. Ratiba itumwe kwenye WhatsApp Alhamisi jioni. Asiyejibu kufikia Ijumaa mchana, nafasi yake ijazwe. Zamu zibadilike kila mwezi, ila mtu wa daftari akae muhula mzima.

Na vijana wenyewe wasiachwe wakitazama. Kule Mathare, MYSA, jumuiya ya michezo ya vijana iliyoanzishwa mwaka 1987, ilizoea kuzipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Hata bila ligi, kikosi cha wakubwa kinaweza kuokota taka kabla ya wadogo kucheza.

SWALI: Tunachanga shilingi 50 kila wiki kwa M-Pesa ya mweka hazina. Sasa minong'ono imeanza. – Baba, Dandora

JIBU: Hesabu isipolingana, mara nyingi tofauti ni ada za kutoa pesa ambazo hakuna aliyeziandika. Ziwe na safu yake kwenye daftari. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayenunua vifaa, na picha ya risiti itumwe kwenye kundi siku hiyo hiyo.

Kisha jisajilini. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Andikeni katiba fupi na kumbukumbu za mkutano wa kuchagua viongozi, mpeleke kwa ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Mkipata cheti, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, pesa zisitoke bila sahihi mbili. Mfadhili akileta jezi zenye picha yake ya kampeni, hilo nalo liamuliwe mkutanoni, lisiamuliwe na kocha peke yake.

SWALI: Mtoto aligongwa kichwani, akamwagiwa maji na kurudishwa mchezoni. Ni sawa? – Msomaji, Kawangware

JIBU: Si sawa. Ikishukiwa ubongo umetikisika, atoke na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Mtu mzima akae naye; asipande boda peke yake kurudi nyumbani. Akitapika tena na tena, akisinzia ovyo, akipata kifafa, kichwa kikizidi kuuma, au maji maji yakimtoka sikioni, ni hospitali mara moja.

SWALI: Kijana mgeni anataka kufundisha bure. Tumkubali? – Mlezi, Jericho

JIBU: Kwanza aombe cheti cha polisi cha mwenendo mwema kupitia eCitizen, achukuliwe alama za vidole. Pigieni simu timu aliyotoka. Hata cheti kikija safi, mazoezi yawe na watu wazima wawili, na asimpeleke mtoto popote akiwa naye peke yake. Watoto wote waijue namba 116, ya kuripoti dhuluma. Haina malipo na hupokelewa usiku na mchana.