PhD ya ugumu wa mazingira ya seli, kwa mtu wa fizikia

Mkuu, umeuliza kama namna ugumu wa mahali seli ilipokaa unavyobadili tabia yake ni mada ya kutosha PhD, na kama mtu wa fizikia anaiweza akiwa hapa Dar. Inatosha kabisa, na hiyo fizikia ndiyo mtaji wako.

Mwaka 2006 Engler, Discher na wenzao walionyesha kwamba seli shina za uboho (seli ambazo bado zinaweza kugeuka aina nyingine) zikikaa kwenye jeli laini kama ubongo, kilopaskali 1 (kipimo cha ugumu) kushuka chini, huelekea kuwa kama seli za neva. Kwenye jeli ya kilopaskali 25 hadi 40 huelekea kuwa seli za mfupa. Halafu 2011 zikaingia kwenye habari hii YAP na TAZ, protini zinazoingia kwenye kiini cha seli pakiwa pagumu na kubaki nje pakiwa laini.

Mimi ningeanza na ini. Kichocho cha tumbo, kile cha Kanda ya Ziwa, huacha makovu kwenye ini. Kovu huligumisha, na ugumu wenyewe huzidi kuamsha seli zinazotengeneza kovu. Hapo kuna tatizo letu kabisa! Msimamizi wa kwanza mtafute Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), wa pili Muhimbili, chuo cha afya.

Jeli unaitengeneza mwenyewe: akrilamidi na bisi-akrilamidi, ukizidisha bisi inakaza. Ipake kolajeni, protini ambayo seli hujishikiza kwayo, la sivyo seli hazishiki. Vaa glavu, maana akrilamidi ambayo haijaganda ni sumu ya neva. Kazi ngumu ni kupima ugumu. Usinakili namba za jedwali la mtu, pima jeli yako kila unapochanganya upya.