Bwana Shamba Ajibu: Unga Mweupe Kwenye Maua ya Mwembe

SWALI: Bwana Shamba, nakusalimu. Nyumbani kwangu Mamboleo, Kisumu, nina miembe mitatu. Miwili ni ya aina ya Apple, niliyoipanda mwaka wa 2014, na mmoja ni wa kienyeji nilioukuta hapa nilipokinunua kiwanja. Mwaka jana yote mitatu ilichanua vizuri mwezi wa Julai, hata majirani wakaanza kuniagiza maembe. Baada ya wiki mbili hivi, maua ya miembe ya Apple yaligeuka meupe kana kwamba yamenyunyiziwa unga wa mhogo, kisha yakawa ya kahawia na kupukutika yote. Katika duka la dawa nilipewa chupa ya dawa ya wadudu, nikainyunyiza mara mbili, saa nne asubuhi, na sikupata hata embe moja. Ule wa kienyeji ulizaa kidogo. Sasa naona mashada mapya yanaanza kutokeza. Nifanye nini? Na je, ni kweli kwamba ugonjwa huu huletwa na mvua?
Mwalimu mstaafu, Mamboleo

JIBU: Mwalimu, shikamoo, na pole kwa mavuno yaliyokupita. Umeandika kwa wakati unaofaa, kwa sababu ugonjwa huu hutibiwa katika siku hizi hizi ambapo shada lingali fupi na matumba yake hayajafunguka. Anayengoja mpaka aone weupe umetanda juu ya mti mzima huwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mazao, hata akinunua dawa ya bei gani.

Ulichokiona kinaitwa ubwiri unga. Husababishwa na kuvu iliyopewa na wataalamu jina la Oidium mangiferae mwaka wa 1914 huko Brazil. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, wanaujua ubwiri unga vizuri kwenye mikorosho, na kila msimu hupambana nao kwa salfa. Kuvu hii hukaa juu ya ngozi ya ua, ya jani changa na ya kitunda kichanga, ikizamisha vijizizi vyake ndani ili kunyonya. Haiwezi kuishi juu ya kitu kilichokufa, na kwa hiyo, mwembe usipokuwa na maua, hujificha kwenye majani na machipukizi yaliyougua msimu uliopita, ikingojea mashada mapya.

Kabla hujatumia shilingi moja, hakikisha kwamba ni ubwiri kweli. Amka asubuhi, chukua kipande cha kitambaa cheusi, kishike chini ya shada moja kisha ulikung'ute shada hilo taratibu. Ukiona vumbi jeupe laini limeshuka pamoja na maua makavu mfano wa pumba, na ukilisugua kati ya vidole likatoweka bila kunata, huo ni ubwiri unga. Ikiwa weupe wenyewe ni vifundo kama vya pamba, vinanata, na sisimizi wanapanda na kushuka kuvifuata, hao ni vidung'ata, ambao ni wadudu, na dawa yao ni nyingine. Ikiwa hakuna unga wowote ila madoa meusi yanayoanza kama vichwa vya pini na kuunguza shada zima, hasa wakati wa mvua, basi unashughulika na chule, ugonjwa mwingine wa kuvu, ambao salfa haiutibu. Tazama pia upande wa chini wa majani machanga: ubwiri hushika kando ya uti wa kati, jani likajikunja, na baadaye doa hilo likabaki la kahawia. Vitunda vilivyonusurika navyo huonyesha ngozi iliyokwaruzika, yenye rangi ya zambarau na kahawia, na mara nyingi huanguka vikiwa na ukubwa wa punje ya njegere.

Kuhusu mvua, mambo ni kinyume cha unavyoambiwa. Kuvu nyingi zinahitaji jani lililolowa ndipo mbegu zake ziote, lakini mbegu za ubwiri huota hata kwenye hewa kavu, na mvua kubwa huziosha na kuziangusha. Zinachopenda ni usiku wenye ubaridi, asubuhi yenye mawingu au umande, na mchana mkavu wenye upepo wa kuzibeba kutoka mti hadi mti, huku joto likiwa karibu na nyuzi 23. Hali hiyo ndiyo ya Julai na Agosti, wakati mvua ndefu imekwisha na miembe imechanua. Basi usishangae kwamba mwaka wenye maua mengi na anga kavu ndio uliokuletea hasara.

Sasa dawa. Kwa mwembe wa nyumbani mimi huanza na salfa inayochanganyika na maji, yaani ile ya asilimia 80, kwa kuwa bei yake si ya kutisha na kuvu haijaizoea licha ya miaka mingi ya matumizi. Kiasi cha kawaida ni gramu 40 hadi 60 kwa pampu ya lita 20, ila lebo ya mkebe wako ikisema vingine, fuata lebo. Usiimwage salfa moja kwa moja kwenye pampu, kwa maana huelea juu na kufanya madonge yanayoziba pua ya pampu; ikoroge kwanza kwenye kopo kwa maji kidogo mpaka iwe kama uji mwepesi, ndipo uimimine, na kila baada ya dakika chache uitikise pampu kwa sababu salfa hutuama. Vaa glavu, funika pua na ulinde macho, maana salfa huwasha macho vibaya sana, na kopo hilo lisirudi jikoni.

Mnyunyizo wa kwanza ufanyike shada likiwa na urefu wa kidole na kabla ya ua lolote kufunguka. Wa pili ufuate baada ya siku 10 hadi 14, na wa tatu baada ya muda kama huo, mpaka vitunda vifikie ukubwa wa gololi, kwani baada ya hapo ngozi ya tunda hukomaa na hatari hupungua sana. Mashada ya mwembe hayatoki yote siku moja. Upande unaopigwa na jua huweza kutangulia kwa wiki nzima, kwa hiyo zunguka mti mzima na uamue kwa kuangalia yale yaliyo mbele. Lenga shada lenyewe, pande zote, mpaka matone yaanze kuchuruzika. Mvua kubwa ikinyesha muda mfupi baada ya kunyunyiza, rudia.

Saa ya kunyunyiza ni jambo ambalo wengi hulidharau. Salfa huunguza maua na majani pindi joto linapopita nyuzi 32, na mchana wa Kisumu huweza kufika huko. Saa nne asubuhi nayo ndiyo saa ambayo nzi na nyuki wako kazini, na mwembe huchavushwa zaidi na nzi, wale wale tunaowafukuza mezani. Nyunyiza saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea. Wala usichanganye salfa na mafuta yoyote, yakiwamo mafuta ya mwarobaini, na ukishatumia mafuta ngoja wiki mbili kabla ya kuleta salfa, la sivyo utauchoma mti.

Mwuzaji aliyekupa dawa ya wadudu alikukosea mara mbili. Dawa hiyo haiwezi kuigusa kuvu, na ilipopigwa wakati maua yamefunguka iliwaua wachavushaji, kwa hiyo hata maua machache yaliyokuwa yamesalimika hayakupata wa kuyahudumia. Ukienda dukani safari hii, taja ugonjwa kwa jina, soma kwenye lebo kama imeandikwa kwamba dawa ni ya ukungu, na uangalie namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za mimea na wadudu nchini Kenya. Mchanganyiko unaofungiwa kwenye karatasi ya gazeti usiununue.

Ikiwa ugonjwa utaendelea baada ya minyunyizo miwili ya salfa, badilisha kwa dawa ya kundi la triazoli, kama vile difenokonazoli au penkonazoli, ambazo hupenya ndani ya mmea. Zina nguvu, lakini kuvu huzizoea upesi zikitumiwa peke yake mfululizo. Nisingezitumia zaidi ya mara mbili kwa msimu. Soma pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Ule mti wa kienyeji ni mrefu mno kwa pampu ya mgongoni, nami singekushauri upande ngazi ukiwa na dawa. Miti ya namna hiyo husaidiwa kwa msumeno. Ukishavuna, kata matawi yanayosongamana katikati ili mwanga na upepo vipite, ondoa mashada makavu yaliyobaki, na uteremshe kimo kidogo kidogo kwa misimu miwili au mitatu. Miembe ya Apple iweke chini ya mita nne kwa njia hiyo hiyo. Wakati huu wa maua, shada moja moja linaloanza kuwa jeupe likate, ulitie ndani ya mfuko kabla ya kuliteremsha ili vumbi lisipeperuke, kisha ulichome au ulifukie.

Jambo moja la kukutuliza: shada lenye maua mamia kadhaa hubakiza embe moja au mawili tu hata kwenye mti wenye afya. Ukiona vitunda vinaanguka bila unga wala madoa, mwembe unajipunguzia mzigo.

SWALI: Niko Bahati, Nakuru. Mwembe wangu una miaka minane, kila mwaka maua yake huwa meupe na kuanguka, na nimekwisha kununua dawa mara nyingi. Je, kuna dawa kali zaidi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, tatizo lako ni mwinuko. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali mwembe wa kuzalisha kibiashara hapa Kenya hutaka chini ya mita 1,200 hivi. Kisumu, kwenye mita 1,130, iko karibu na ukingo huo. Usiku wenye baridi chini ya nyuzi 15 huidhoofisha chavua, na ubaridi huo huo huupa ubwiri nafasi. Hata ukiuangamiza ugonjwa wote, maua mengi hayatashika. Kama unaupenda mti huo kwa kivuli, uache. Pesa za dawa zitakufaa zaidi ukinunua miche ya parachichi iliyopandikizwa, kwa sababu hali ya hewa ya kwenu inaifaa.

SWALI: Bwana Shamba, hapa Busia tunaambiwa tunyunyize maziwa, au majivu, au magadi ya kuokea, badala ya kemikali. Kipi kinafanya kazi kwenye mwembe?
Mama wa wanne, Busia

JIBU: Mama, maziwa si porojo. Utafiti uliochapishwa Brazil mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji yalizuia ubwiri unga kwenye zukini, mmea wa jamii ya maboga. Lakini zukini iko chini ya goti na huweza kunyunyiziwa kila wiki, na kuvu yake si hii ya mwembe. Kwa mti wenye mashada mamia, mimi nisingeyategemea. Majivu hukaa juu ya ua kama vumbi na kuwasumbua wachavushaji. Yaweke kwenye shina, yatakuwa mbolea. Magadi ya kuokea yana sodiamu, ambayo ikizidi huunguza majani na kuharibu udongo. Ukitaka kitu cha namna hiyo, tafuta baikaboneti ya potasiamu iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, uitumie mapema kama nilivyomweleza Mwalimu wa Mamboleo. Na hiyo salfa unayoiona kama kemikali ni madini ya asili, na hata wakulima wa kilimo hai huruhusiwa kuitumia.