Jibu: Shamba jipya limechoka baada ya misimu mitatu

Ndugu, umeuliza kwa nini shamba ulilofyeka msituni lilizaa vizuri misimu mitatu kisha likadorora, ilhali unalilima kwa trekta kila msimu. Tatizo limo humohumo kwenye kulima.

Udongo mwingi mwekundu wa tropiki umechujwa na mvua kwa maelfu ya miaka, na mfinyanzi wake hushika rutuba kidogo mno. Kinachoubeba ni mboji, ambayo nyingi iko kwenye sentimita 20 hivi za juu. Msitu ulikuwa unaijaza upya kwa majani yanayoanguka. Umekata miti, chakula kimekatika. Kisha plau inavunja madonge yaliyoihifadhi, hewa inaingia, na kwenye joto vijidudu huimaliza upesi.

Jaribu hili leo: chukua donge kavu la shambani na jingine la msituni, uyatumbukize taratibu kwenye glasi mbili za maji. La msituni kwa kawaida hubaki zima. La shambani likimeguka kuwa tope, ndivyo mvua inavyolifanya: tope linaziba vitundu, uso unaganda, maji yanatiririka na udongo wako.

Chimba pia shimo. Mizizi ikipinda pembeni kwenye kina cha plau, kuna tabaka gumu. Lipasue mara moja, kisha punguza kulima.

Mabua yaache yafunike ardhi, nakusihi usiyachome! Kuacha kulima huku ardhi ikiwa tupu hakusaidii, udongo hugandamana tu. Panda na kunde katikati ya mistari.