Maswali ya shamba: mboga za Penga Penga na bulongo ya kichuguu

SWALI: Kaka habari ya kazi, mi nakaa karitye Gécamines hapa Lubumbashi, si mbali na Penga Penga, nalima lengalenga na matembele kwa lupango miaka sita sasa na ndo inanilipia minervali ya watoto. Juzi muteja moja pale soko kaniuliza mboga zimetoka wapi, nikamwambia, akarudisha fungu chini akaenda zake. Iliniuma sana. Ni kweli mboga za huku ziko na sumu? Mi naosha vizuri alafu nachemsha, bado haitoshi?
(Mama wa matembele)

JIBU: Mama pole, najua fungu moja likirudishwa mbele ya wenzako linauma kuliko hata hela yake. Lakini sitakuficha, huyo muteja alikuwa na sababu.

Tanuru ya shaba ilianza kuwaka hapa mwaka 1911, wakati wa Union Minière, ile kampuni ya migodi ya Wabeleji, na miaka yote ile moshi wa lile bomba refu ulikuwa unatoka na salfa pamoja na vumbi la madini, na upepo wetu mwingi unatoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi, basi vumbi likawa linaangukia palepale kila kiangazi, na pale ndo penyewe Penga Penga na karitye yenu. Salfa ikafanya bulongo kuwa kali, yaani na asidi nyingi, miti ya miombo ikakufa, na bila miti mvua ikakokota udongo wa juu, ndo maana Penga Penga kuna sehemu uko uwanja mtupu hadi leo. Watu wa UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, walijaribu kuufunika kwa nyasi moja inaitwa Microchloa altera, lakini ilibidi kwanza waweke chokaa na mboji.

Na shida ni kwamba madini haiozi. Plastiki yenyewe inakatika-katika, moshi unapotea, lakini shaba, risasi (plomb), kadimiamu na aseniki zinabaki, nyingi kwa udongo wa juujuu, pale pale mizizi ya lengalenga inapokula.

Sasa kuosha. Osha mama, tena kwa maji mengi, majani yakiwa yamefunguliwa moja moja, ju vumbi lililokaa juu ya jani litatoka kwa sehemu kubwa. Ila ile iliyopanda kupitia mizizi iko ndani ya jani na hakuna moto wa makala utakaoitoa, kuchemsha kunaua vijidudu tu. Kadimiamu inaharibu mafigo polepole, risasi inagusa akili ya watoto wadogo, tena hao wanaikula hata bila mboga, kwa vidole walivyochezea chini. Mwagia maji uwanja kabla ya kufagia, na mikono inawe kabla ya bukari, hiyo usiichelewe hata siku moja.

Sikuambii uache kulima. Acha majani kwenye udongo ule, weka bamia, nyanya, mahindi, ju mbegu na matunda kwa kawaida yanabeba madini kidogo kuliko majani. Lengalenga ihamishe kwa mifuko ya zamani au matuta ya juu, ujaze bulongo iliyotoka mbali na upande wa moshi, uchanganye na mavi ya kuku yaliyooza. Kwa udongo uliobaki weka chokaa na mboji kila msimu, haiondoi shaba ila inaishikilia isipande sana. Na kama mko wamama kadhaa changeni mupeleke udongo labo: chota sehemu kumi, kina cha kiganja na vidole, changanya kwa ndoo safi ya plastiki, usitumie chuma.

SWALI: Mi nimepata shamba njia ya Kasenga, zamani ilikuwa pori la makala. Miaka miwili mahindi yalitoka mazuri, sasa manjano tu. Jirani anasema nilete takataka za mujini kama mbolea, mwingine anasema nivunje kichuguu. Nisikilize nani?
(Tata wa njia ya Kasenga)

JIBU: Tata, msikilize wa kichuguu, na huyo wa takataka mwambie asante tu. Miaka ile miwili ulikuwa unakula majivu ya pori, yameisha, sasa umebaki na udongo wetu mwekundu wenyewe, mkali na maskini, lakini tafadhali uone kwamba ni SAFI, na watu wa Penga Penga wangelipa hela nyingi kuwa nao. Takataka za mujini ziko na betri, rangi, mavumbi ya barabara ya malori ya madini, ukizileta kwa gunia umehamisha ile shida ya mama wa hapo juu na kuizika kwako kwa mikono yako.

Kichuguu kikubwa mchwa wamekijenga kwa udongo wa chini, uko na kalsiamu nyingi na si mkali kama wa pembeni, ndo maana mahindi yaliyo karibu nacho yanasimama kijani. Mwaga karai kadhaa kwa kila mustari kabla ya mvua za mwezi wa 11, ongeza kunde katikati ya mahindi, mabua usichome. Na usikibomoe chote, kata upande moja tu, mchwa wakibaki ndani watakijenga tena.