Maswali ya Wasomaji: Gari-nyumba Kwenye Miji ya Kando ya Ziwa

SWALI: Friji yetu ya gesi ilipoza vizuri siku tatu za mwanzo wa safari. Tulipohamia mji mdogo ulio ukingoni mwa ziwa, moto ukawa unawaka lakini ndani hamna baridi, na maziwa yakaharibika usiku wa kwanza. Fundi wa njiani ametushauri tuibadilishe. Tununue mpya?

JIBU: Msinunue bado. Angalieni kwanza gari limesimamaje. Ziwa hukaa pale ambapo nchi yote ya jirani inateremkia, kwa hiyo karibu kila uwanja wa kuegesha kandoni mwake umelalia upande wa maji, hata ule unaoonekana tambarare kwa macho.

Friji ya gesi haina kompresa. Ndani ya mabomba yake mna maji na amonia. Moto huchemsha mchanganyiko huo, amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa, kisha kimiminika hurudi chini chenyewe kwa mteremko wa mabomba. Gari likiinama, kimiminika hutuama njiani na moto hubaki ukiunguza bomba kavu. Hapo ndipo friji inapowaka bila kupoza. Likiachwa hivyo siku nyingi, dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani huganda na kuziba bomba, na kuziba huko hakuna dawa. Mkiwa barabarani hakuna shida, kwa sababu gari huyumba huku na huku na kimiminika hupata nafasi ya kurudi. Kinachoua friji ni kusimama.

Chukueni pimamaji, mkiweke ndani ya friji yenyewe, kwenye sakafu ya sehemu ya kugandishia. Msikiweke juu ya meza, maana meza huenda nayo imekaa upande. Pimeni kwa urefu wa gari, kisha kwa upana. Friji nyingi za aina hii huvumilia nyuzi 3 hivi, yaani kama sentimita 5 kwa kila mita. Kitabu cha friji yenu kitataja kikomo chake. Kwa gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana mita 1.8, tofauti ya sentimita 9 tayari imefika mpakani.

Tangulizeni kabari mbele ya magurudumu yaliyo chini, mmoja abaki nje akiangalia, dereva apande polepole kwa gia ya kwanza. Likikaa sawa, vuteni breki ya mkono, liacheni ndani ya gia, halafu mkinge matairi yasirudi. Vile vyuma vya pembeni vya kuteremsha ni vya kuzuia gari lisitikisike watu wanapotembea ndani; havikutengenezwa kulinyanyua, na ukilazimisha vitapinda.

Zimeni friji kwa saa chache, kisha muwashe na kusubiri hadi kesho yake. Ikipoza, mmepona. Mkiona unga wa manjano nyuma yake au mkisikia harufu kali ya amonia, zimeni, fungueni madirisha, tokeni nje: hiyo imetoboka, na hapo fundi wenu atakuwa na haki. Na kwa kuwa ni kiangazi, geuzeni gari ili ubavu wenye matundu ya friji uwe kivulini mchana.

SWALI: Tumeona sehemu nzuri ya nyasi hatua chache kutoka majini. Gari letu linavutwa na magurudumu ya mbele. Tukiingia, tutatoka?

JIBU: Shukeni mtembee kwanza. Kanyagieni kisigino kwa nguvu mahali ambapo matairi yatasimama. Shimo likijaa unyevu, ondokeni, hata kama juu pamekauka na nyasi ni fupi. Mvua ya usiku mmoja juu ya ardhi ya namna hiyo inatosha kulizamisha gari la tani tatu na nusu.

Gari-nyumba la aina yenu hubeba uzito mwingi nyuma: vitanda, baiskeli, mara nyingi na tangi la maji. Lita 100 za maji ni kilo 100 kamili. Mkitoka kwa kupanda mteremko kwenda mbele, uzito unazidi kuhamia nyuma na magurudumu yanayovuta yanakuwa mepesi, yanazunguka bure. Ndiyo maana tunashauri muingie kinyumenyume, magurudumu ya mbele yabaki kwenye kokoto au lami, ya nyuma tu ndiyo yakae kwenye nyasi.

Mkishakwama, ondoeni mguu kwenye pedali ya mafuta mara moja. Kila mzunguko wa bure unachimba. Nyoosheni usukani, fukueni udongo ulio mbele ya matairi yanayovuta, ingizeni mikeka ya mpira au mazulia ya gari hadi yaguse tairi, kisha ondokeni kwa gia ya pili, klachi ikiachiwa taratibu. Mtu asisimame kwenye mstari wa mikeka. Mikeka hurushwa kwa kasi ya kuvunja mguu. Kama mna pampu, kupunguza upepo wa matairi hayo kwa robo husaidia sana, mradi mjaze tena kabla ya kushika barabara.

SWALI: Je, tunaweza kuendesha hadi gatini katikati ya mji?

JIBU: Hapana. Egesheni juu, mteremke kwa miguu au baiskeli. Mitaa ya zamani hukimbilia majini na kuishia huko huko, bila nafasi ya kugeuza. Andikeni kimo cha gari, pamoja na kiyoyozi au sola iliyo juu, mkibandike mbele ya dereva. Urefu nao upimwe pamoja na kibebea baiskeli, hasa mkitaka kupanda kivuko. Na kumbukeni mkia: ukikata kona kushoto, sehemu inayozidi nyuma ya magurudumu inafagia kulia.

SWALI: Maji ya kuoshea vyombo tukiyamwaga ziwani kuna ubaya, kama sabuni ni ya asili? Na tunaweza kuvuta maji ya ziwa tujaze tangi?

JIBU: Ubaya upo. Mabaki ya chakula na sabuni hubeba fosforasi na naitrojeni, navyo ni mbolea ya mwani. Kwenye ghuba ndogo isiyo na mkondo, joto la kiangazi hukamilisha kazi: maji hushika utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Baadhi ya mwani huo una sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, na mbwa akinywa anaweza kufa. Mkiona utando huo msiogelee. Maji machafu na kaseti ya choo, yaani kile kitangi cha kinyesi kinachochomolewa, vinamwagwa kwenye kituo chake tu.

Tangi lijazeni kwa bomba la maji ya kunywa, kwa mpira ambao haujawahi kusuuza kaseti. Kama limekaa muda mrefu, wekeni mililita 100 za klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya asilimia 5, kwa lita 100 za maji. Fungueni kila bomba hadi harufu ya klorini isikike, acheni saa 4, mwageni kituoni, kisha suuzeni mara mbili.