Kabla Daktari wa Familia Hajastaafu

Familia yetu ilitibiwa na daktari mmoja tangu wazazi wangu walipokuwa vijana hadi yeye na wao wakaota mvi pamoja, na alipotangaza kwamba anastaafu, kazi ya kushughulikia mafaili ya nyumba nzima iliniangukia mimi. Ushauri ninaoutoa hapa unatokana na kazi hiyo, na unamhusu kila anayetibiwa na daktari wa mji mdogo aliyezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeifikiria siku atakayoondoka. Sehemu kubwa ya anayoyajua daktari wa namna hiyo imo kichwani mwake tu, na ni juu yenu wagonjwa kumwomba aiandike angali yupo.

Faida ya kutibiwa na mtu mmoja kwa muda mrefu si mapenzi ya wazee kwa mtu wao. Watafiti wa Norway waliochunguza kumbukumbu za mamilioni ya wagonjwa walikuta kwamba waliokuwa na daktari yule yule kwa zaidi ya miaka 15 walilazwa kwa dharura na kufariki kwa kiwango kilichopungua kwa takriban robo, wakilinganishwa na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba mazoea peke yake ndiyo yaliyowaokoa, lakini nilipolifungua faili la baba nilianza kuelewa jinsi yanavyoweza kusaidia.

Pembeni mwa ukurasa mmoja, mbali na vipimo na majina ya dawa, daktari alikuwa ameandika kwa kalamu: “Huyu akisema kidogo, jua ni kubwa.” Aliijua tabia ya baba ya kuficha maumivu, akaona inastahili kuandikwa sawa na presha yake. Baadaye baba alimwambia daktari mpya kwamba kifua kinambana kidogo tu, na daktari huyo, kwa kuwa alikuwa ameusoma mstari ule, alimpeleka kupimwa moyo siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ombeni muhtasari, wala msiridhike na nakala ya kurasa zote. Faili la miaka mingi limejaa mwandiko ambao pengine karani wake pekee ndiye anayeweza kuusoma, na daktari mgeni mwenye foleni mlangoni hatalimaliza. Ukurasa mmoja au miwili inatosha, ikitaja magonjwa na mwaka yalipogunduliwa, upasuaji, chanjo, dawa zinazotumika pamoja na dozi na sababu ya kila moja, na aleji pamoja na kile hasa kilichotokea, kwa maana kichefuchefu baada ya kumeza dawa na kuvimba koo hadi kukosa pumzi ni mambo mawili tofauti kabisa, ingawa mafaili mengi huyaita yote aleji. Dawa zilizowahi kuachwa ndizo zinazosahauliwa zaidi. Sababu ya kuachwa isipoandikwa, mtu anaweza kuanzishiwa tena ile ile iliyomdhuru. Historia ya ukoo nayo iandikwe pamoja na umri, kwa kuwa shambulio la moyo la mzee wa miaka 80 halina uzito kwa watoto wake kama la mtu wa miaka 45.

Kisha kila mmoja wenu amuulize swali ambalo kwetu lilizaa matunda kuliko yote: ni jambo gani kwangu unaloliangalia bila kulisema? Daktari wa muda mrefu ana mambo anayoyapa muda, kama uvimbe mdogo shingoni ambao haujakua au kipimo cha figo kinachobadilika polepole. Hajaanza kutibu wala hataki kukutia hofu, ila anajua ni wapi atachukua hatua. Uangalizi huo hauna dawa wala cheti, na ndiyo maana huwa wa kwanza kupotea.

Madaktari wa miji midogo walioandika kwa bidii wameacha urithi unaozidi wagonjwa wao. William Pickles wa Aysgarth, nchini Uingereza, aliandika nani aliugua lini na alikutana na nani, na kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1939, zilisaidia kujulikana kwa muda ambao homa ya ini ya kuambukiza hukaa mwilini kabla ya dalili kujitokeza. Julian Tudor Hart, katika kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg huko Wales, aliwapima presha watu wazima wote aliowahudumia, hata wasiolalamika chochote. Mfano wa Hart unafaa kuigwa nyumbani: chukueni vipimo vyenu vya siku za uzima, kwani daktari mpya anahitaji kujua hali yenu ya kawaida ndipo atambue iliyobadilika.

Daktari mpya naye apewe nafasi, na hapa nasema bila kumvunjia heshima aliyestaafu. Mtu anayekuona mara kwa mara anaweza asigundue mabadiliko ya taratibu, kama ya tezi la shingo linalopunguza kazi, ambayo jicho geni huyaona mara moja. Tiba pia hubadilika: aspirini ya kila siku, iliyopewa wazee wengi kama kinga ya moyo, sasa haishauriwi kuanzishwa kwa waliotimiza miaka 60 wasio na historia ya ugonjwa wa moyo au kiharusi. Hata hivyo, asiwepo wa kuacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe wakati wa mpito huo, hasa dawa za kifafa, steroidi za muda mrefu na baadhi ya dawa za presha, ambazo kukatishwa ghafla ni hatari.

Watu wakitaka kumuenzi daktari wao, wasimulie yao wenyewe, wasisimulie ya jirani. Siri za wagonjwa hazifunguliwi kwa sababu mtunzaji wake amestaafu au amefariki. Hata ndani ya familia, faili la mtu mzima ni lake, nami niliomba ruhusa ya kila mmoja kabla ya kuligusa.

Miadi ya kwanza kwa daktari mpya ombeni iwe mkiwa wazima, tena ombeni muda mrefu kuliko kawaida. Pelekeni muhtasari huo pamoja na mfuko wenye dawa zote zilizomo nyumbani, zikiwemo za mitishamba na zile mlizojinunulia bila kuandikiwa na mtu, muziweke mezani zikiwa kwenye pakiti zake.