Mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio

Nilipokabidhiwa shule kwa mara ya kwanza, sekondari ya kata yenye mikondo miwili, nilinunua peni nyekundu. Kila siku, saa moja na robo asubuhi, nilipiga mstari kwenye kitabu cha mahudhurio ya walimu. Aliyesaini juu ya mstari kawahi. Wa chini yake anajua atapita ofisini kwangu. Mwezi haukuisha, uchelewaji ukakoma. Nilijisifu mpaka kwa afisa elimu kata.

Nilichelewa kugundua kwamba walimu walikuwa wanawahi kusaini, si kufundisha. Siku moja kipindi cha tatu nilipita Kidato cha Pili B nikakuta watoto wanachorana ubaoni. Mwalimu wao yuko ofisini na chai yake, na jina lake asubuhi ile lilikuwa la kwanza kabisa kitabuni. Wakati huohuo mwalimu wa Hisabati, aliyezoea kubaki na watoto hadi jioni bila kuombwa, alikuwa ameacha kubaki. Nikamuuliza kulikoni. "Mkuu, wewe unahesabu dakika zangu za asubuhi. Na mimi nimeanza kuhesabu za jioni."

Nikarukia upande wa pili. Nikatangaza kwenye kikao kwamba mstari umekwisha, ninyi ni watu wazima, nawaamini. Wiki tatu zilikuwa tamu. Ya nne, Ijumaa, madarasa matatu hayakuwa na mwalimu tangu mapumziko. Na waliokuja kulalamika ofisini kwangu hawakuwa wazembe. Walikuwa wale wachapakazi, kwa sababu wao ndio waliokuwa wanaziba mapengo ya wenzao.

Tumekuzwa na methali ya mshika mbili moja humponyoka. Sokoni sawa. Shuleni ilinipoteza, maana kuamini watu na kuwasimamia si vitu viwili vya kuchagua kimoja. Ukiachia kimoja, hicho ulichobaki nacho ndicho kinachooza: usimamizi mtupu ulinipa sahihi, na imani tupu ikanipa madarasa yasiyo na mwalimu.

Mstari niliurudisha, ila pembeni yake nikaacha nafasi ya mtu kuandika sababu, na sikumwita mtu ofisini kwa kuchelewa siku moja tu. Cha maana zaidi, nikaanza kutazama daftari la vipindi linaloshikwa na kiranja wa darasa, kwa sababu humo ndimo kazi inamoonekana. Anayeingia darasani na kumaliza mada zake kulingana na azimio la kazi, yaani mpango wake wa kufundisha, simfuatifuati.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na mwanafunzi. Hapa Tanzania, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango kwa walioacha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, warudi darasani. Kwetu akarudi binti mmoja wa Kidato cha Tatu. Kila siku anafika usafi umekwisha na mstarini tumeshasimama, kwa sababu lazima amnyonyeshe mtoto na amsubiri bibi yake arudi kutoka kuteka maji. Mwalimu wa zamu akampa adhabu ya kufyeka. Siku ya tatu ya kufyeka, maziwa yalimlowanisha sare, akajifunika sweta juani, na wenzake wakacheka.

Mwalimu wa nidhamu aliniambia wazi: "Mkuu, tukimwachia huyu, wiki ijayo nusu ya darasa ina sababu." Matroni akasema tukiendelea hivi tutamrudisha nyumbani mara ya pili. Nilitamani mmoja wao awe amekosea, nipumzike. Wote walikuwa sahihi.

Hapo nikafanya jambo ambalo nalifanya hadi leo, na kama wewe ni kiongozi wa timu yoyote nakuomba ulijaribu. Niliwabadilisha viti. Nikamwambia mwalimu wa nidhamu amtetee binti, na matroni azitetee sheria. Mwanzoni walicheka. Kisha mwalimu wa nidhamu mwenyewe ndiye aliyeuliza: kwani usafi lazima ufanywe asubuhi? Tukaandika kwenye daftari la nidhamu: binti ana eneo lake la usafi kama kila mtu, atalifanya saa nane baada ya vipindi, na atafika kabla kipindi cha kwanza hakijaanza. Kazi ni ileile, saa ndiyo tofauti. Waliotaka na wao kubadilishiwa walikuja wawili tu, na mmoja alikuwa na sababu ya kweli.

Ushauri mwingine ni wa kujijua. Mimi nina huruma ya haraka, na peni nyekundu ilikuwa njia yangu ya kulificha hilo. Siku hizi sitafuti makamu anayefanana nami. Niliye naye ni mtu wa kufuata sheria neno kwa neno, ananikera karibu kila wiki, na tumekubaliana dalili za kuambiana: wachapakazi wakianza kunung'unika, nimelegeza mno; walimu wakiacha kuniletea habari mbaya, nimekaza mno.

Na mizani hiyo, hata ukiipata, haidumu. Muhula huu mvua zimeharibu barabara, nimesamehe uchelewaji kwa wiki tano, na barabara sasa imekauka. Jana makamu ameingia ofisini bila kusema neno, akaniwekea mezani peni nyekundu.